Milungulungu ya Bondeni

Mwese, 11 Februari 2024

Mdogo wangu Leonidas,

Hujambo? Mke wako na watoto hawajambo? Sisi wazima, ila goti langu linasumbua. Simu hupokei, basi barua hii anakuletea Nassib wa bodaboda.

Ile miti minne ya milungulungu ya bondeni, ninayochumia dawa ya tumbo, imebanduliwa magome mzunguko mzima. Itakufa. Watu wanasema ni yule mfugaji Mwandu, kwa kuwa ng'ombe wake hulala jirani. Wanataka ahame kijijini. Wewe unauza dawa za miti sokoni. Niulizie nani kaleta magome mabichi.

Dada yako, Monika

Mpanda, 28 Aprili 2024

Shikamoo dada,

Goti linaendeleaje? Huku watoto wazima.

Nimekaa na barua yako miezi miwili. Dada, ni mimi. Nilikuja na pikipiki, nikajaza magunia mawili, nikarudi bila hata kupita kwako. Wateja walikuwa wengi, kibanda kitupu. Mwandu hana kosa. Nisamehe.

Mdogo wako, Leonidas

Mwese, 6 Mei 2024

Leonidas,

Goti ni lile lile. Nimelia, kisha nimekasirika. Barua yako sijamsomea mtu. Kikao cha kijiji ni Jumamosi tarehe 18. Njoo useme mwenyewe, Mwandu akiwepo.

Dada

Mwese, 2 Desemba 2024

Mdogo wangu,

Salamu sana, nyie wote hamjambo? Bado nakuona siku ile ya kikao umesimama mbele ya watu, na Mwandu anakuuliza, "Sasa utafanya nini?"

Miti mitatu imekauka. Wa nne umechipua chini ya jeraha. Mbegu ulizotuletea Agosti zimeota kumi na moja. Mwandu mwenyewe kaizungushia miche miiba, ng'ombe wake wasiingie. Na kijiji kimekubaliana: tunachuma majani tu, magome na mizizi hapana. Mwandu anauliza utakuja lini kupalilia.

Dada yako

Mpanda, 9 Desemba 2024

Shikamoo dada,

Sisi wazima, na leo nina furaha.

Nilipoanza kuuza majani, wateja wengine walihamia kwa Zuhra, jirani yangu sokoni anayeuza magome. Jana kaja mwenyewe kibandani. Anasema watu wake sasa wanatembea siku mbili kutafuta magome, na wanarudi na nusu gunia. Kaomba twende wote Mwese Jumamosi.

Nikamwambia, "Kwetu siku hizi mgeni hapewi panga. Anapewa jembe."

Akasema atakuja na jembe lake.

Mdogo wako, Leonidas