Uso Ulioonyeshwa na Ordinatere

Jumatatu, 3 Mei 1993
Nimesahihisha imla. Wanafunzi wameandika vibaya tena, kwa sababu taya langu la chini limetangulia mbele na matamshi yangu yanatoka na upepo. Baadaye lopitali. Muganga mugeni amenipiga picha ya mifupa ya kichwa, na ya uso kwa upande. Anataka kunipasua. Ninaogopa.

Jumatano, 5 Mei
Muganga ana ordinatere, kompyuta yenye sura ya televizyo ndogo. Aliingiza picha zangu humo, akalirudisha taya nyuma, nyama ya uso ikafuata. Akatokea mwanamuke mwingine. Kidevu kifupi, mudomo umefungika. Sio mama yangu, sio dada yangu. Umeme ukakatika, akazimika. Nilishukuru.

Ijumaa, 7 Mei
Bwana yangu, Papa Furaha, naye amekwenda kumuona yule mwanamuke wa ordinatere. Tangu arudi ananiangalia kama muntu anayesubiri mugeni. Imeniuma.

Jumatatu, 10 Mei
Nimemuuliza muganga kama mashini inaweza kukosea.
"Mama, mufupa ninajua nitauweka wapi. Nyama, mashini inakisia tu. Zaidi mudomo wa chini."
Hofu imezidi, lakini njo mara ya kwanza nimemuamini. Nimekubali. Kesho asubuhi. Mutoto wetu Furaha ana miaka miwili tu. Akinikataa?

Jumamosi, 15 Mei
Niko hai. Meno yamefungwa kwa waya, ninanyonya uji kwa murija. Uso umevimba kama boga. Kidevu hakisikii kitu. Ninakigusa, ninagusa muntu mwingine. Furaha ameniona, amekimbia akilia. Papa Furaha aliangalia ukuta. Nimeomba kioo, wamekataa. Basi ni vibaya sana.

Alhamisi, 1 Julai
Waya zimetolewa. Mudomo haukukaa vile ordinatere ilivyoonyesha. Nikicheka, unakwenda kidogo kushoto. Nilikaa mbele ya Papa Furaha nikisubiri aseme.
"Njo vizuri hivi," akasema. "Yule wa mashini, sijui ningeongea naye nini."
Nimelia. Furaha amelala kifuani kwangu.

Jumamosi, 10 Julai
Asubuhi sokoni, peke yangu, bila kitambaa usoni. Mama anayeniuzia ndakala, samaki wale wadogo, ameniangalia sana.
"Wewe ni ndugu ya Mama Furaha?"
"Njo mimi."
Akaangalia tena. Akapima samaki, akaongeza konzi moja juu, kama siku zote.