Lenzi Tuliyoichagua kwa Ajili ya Ndege Yangu

Baba,

Shikamoo.

Nimeandika neno hilo, kisha nikangoja uitikie, kama mjinga. Huu ni mwezi wa tano tangu utuache na bado sijazoea.

Nipo studio, kwenye kiti chako kirefu nyuma ya kaunta. Mlango nimeurudishia nusu ili watu wasiingie, lakini wanaingia. Asubuhi amekuja mama mmoja kutoka Mkiwa, anataka picha za pasipoti za mtoto wake wa shule. "Mzee yupo?" akauliza. Nikamjibu hayupo. Nimempiga mtoto picha, kichwa kimekatika kidogo kwa juu, na mama wa watu ameondoka ameridhika. Wewe usingekubali atoke nayo mlangoni.

Kaka Idd anataka tupangishe fremu hii ya duka kwa fundi simu. Anasema siku hizi kila mtu anajipiga mwenyewe. Simlaumu. Kamera yako kubwa na lenzi yake nimezifunga kwenye kitenge, zipo kabatini. Na ni hiyo lenzi iliyonikalisha hapa, Baba. Kuna jambo sikukuambia ukiwa hai, na linanimaliza.

Siku ilipokuja barua kwamba nimepata nafasi ya kusoma udaktari wa mifugo Afrika Kusini, Mama alilia. Wewe uliuliza swali moja tu: "Ndege yenyewe inapita wapi?" Nilidhani unatania. Lakini miaka yote nilikuona ukisimama mlangoni, mteja anakungoja ndani, wewe unatazama kitone cheupe kinachovuta mstari juu kabisa ya Singida kwenda kusini. Ulikuwa unazipiga ndege hizo kwa kamera ya harusi na kupata nukta. Nilipokuonyesha kwenye simu kwamba ndege ya kutoka Addis Ababa kwenda Johannesburg inapita karibu juu ya mji wetu, ulivua miwani ukaifuta.

"Nimempiga picha kila mtu wa mji huu," ukasema. "Wewe nitakupiga ukiwa angani."

Tukaanza kubishana. Mimi nilitaka ile kamera ndogo ambayo lenzi yake imejengewa humohumo, inavuta mbali sana na ni nyepesi kubeba. Ukaniambia inavuta, ndiyo, lakini kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga ni kidogo kama ukucha, kwa hiyo itakuletea ndege kubwa yenye ukungu. Nikaja na wazo la kile kipande cha kuongezea, kinachofungwa kati ya kamera na lenzi ili ikuze mara mbili. Hukukitaka pia. "Kitakula mwanga na kitakula makali ya picha. Itabaki nini hapo?" Nikanuna siku mbili. Ulikuja kuninunulia mishikaki ili tuendelee kubishana.

Mwishoni tulikubaliana lenzi ndefu ya milimita mia sita, iliyotumika, ya mpiga picha wa Arusha aliyekuwa akiipeleka mbugani kupiga wanyama. Ilipofika uliishika kama mtoto mchanga. Ulinieleza kwamba mwili wa kamera tuubakize uleule wa zamani, kwa sababu unakata pembeni mwa picha na ndege itaonekana imesogea karibu. Stendi ya miguu mitatu uliijaribu mara moja ukaitupa, maana ndege ikifika utosini haigeuki kuifuata. Ukaamua kulala chali juu ya mkeka, mgongo umeegemea gunia la pumba, lenzi mkononi. Mama akasema umerogwa.

Halafu picha zikakataa. Tulikuwa tunapanda kwenye mawe makubwa ya Mwankoko, karibu na shamba letu, tukidhani tukiwa juu zaidi ndiyo vizuri. Fokasi ya kamera, ile inayotafuta ukali wa picha, ilihangaika kwenye anga tupu, ikienda na kurudi. Hilo ulilitatua: ulilenga mwezi uliokuwa haujazama asubuhi, ukapata ukali wake, ukabandika selotepu kwenye pete ya lenzi isisogee tena. Bado ndege zikatoka zinatetemeka, kama zimepigwa kupitia mvuke wa chungu. Nikakwambia tumeuziwa kitu kibovu, tuirudishe. Ulikaa, ukaweka kiganja kwenye jiwe, ukakitoa haraka.

"Siyo lenzi, mwanangu. Ni jiwe. Limeshika moto, hewa juu yake inacheza."

Saa nne asubuhi na jiwe lilikuwa linaunguza. Tukateremka shambani, katikati ya alizeti zilizotufika kifuani, ambako ardhi ilikuwa bado na ubaridi. Ndege ya kwanza tuliyoipiga pale ilionekana mabawa, injini mbili, na rangi ya mkia. Ulicheka mpaka ukakohoa. Sijawahi kukuona na furaha vile, Baba, na sitaiona kwa mtu mwingine.

Sasa nisikilize.

Siku ya safari ulikuwa na namba ya ndege yangu na ulijua saa itakayopita. Uliniambia nikae dirishani, upande wa kushoto, nyuma ya bawa. Ulimchukua Mama shambani, ukaniletea sauti kwenye simu. Ninayo mpaka leo. Mama anapiga vigelegele nyuma, wewe unahema: "Nimekupata, Zuhura! Nimekupata! Tumbo la ndege lote limetoka, na dirisha lako nimeliona!"

Sikuwemo.

Ndege ya kutoka Dar ilichelewa. Nilipofika Addis, ile yangu ilikuwa imeshaondoka. Wakati unapiga picha ile mimi nilikuwa nimekaa sakafuni uwanja wa ndege, karibu na soketi, miguu imevimba, nimepewa nafasi ya kesho yake. Nilisikiliza sauti yako mara tatu. Kisha ukanipigia simu.

"Ulituona?"

Nikasema niliwaona.

"Kile kitenge chekundu cha mama yako ulikiona?"

Nikasema nilikiona.

Ndivyo nilivyokujibu. Ningeweza kusema neno moja tu, ungecheka, ungelala tena kwenye mkeka siku iliyofuata na ungenipata kweli. Hali ya hewa ilikuwa nzuri. Nalijua hilo kwa sababu nilipita kesho yake. Nilikaa dirishani upande wa kushoto, nikaliona ziwa Singidani linang'aa kama kipande cha bati, nikajua Mwankoko iko wapi, nikaweka kiganja kwenye kioo. Na wewe muda huo ulikuwa humu ndani, unampiga mtu picha ya kitambulisho. Hakuna aliyeangalia juu.

Nilisema nitakuambia nikirudi likizo, ana kwa ana, tucheke wote. Niliona aibu kuharibu. Kila tulipoongea ulinipa habari za picha: umeichapa kubwa, umeiweka fremu ya kioo, umeitundika pale mteja akikaa lazima aione. "Huyo ni binti yangu, anapita," ulikuwa unawaambia. Na mimi nilikuwa nasema, "Asante, Baba." Kila mara, asante.

Halafu Idd akanipigia saa sita mchana kwamba umeanguka hapahapa kaunta, kiharusi, huongei. Siku ya pili akanipigia tena, na kabla hajasema kitu nilikuwa nimeshajua. Nilipanda ndege, nikapanda basi kutoka Dodoma, nikafika siku ya tatu. Udongo wa kaburi lako ulikuwa umeanza kukauka juu. Nilikuwa na maneno yote tayari mdomoni na sikuwa na wa kumwambia.

Kwenye arobaini, Mzee Hamisi, rafiki yako mshonaji wa jirani, aliwakusanya wajukuu chini ya picha. "Mnaona hapo nyuma ya bawa? Hapo ndipo shangazi yenu alipokaa. Babu yenu alimsindikiza mpaka mbinguni." Watoto wakanitazama kwa mshangao. Nilitoka nje. Mama akanifuata akaniuliza nina nini, nikamwambia ni pilipili.

Hapo hakuna dirisha lolote, Baba. Kutoka chini linaonekana tumbo tu la ndege. Nadhani hilo ulilijua kuliko sisi sote.

Sijarudi chuoni. Nimewaandikia kwamba ninauguza mama, na huo nao ni uongo, maana yeye ndiye ananiuguza. Wiki iliyopita niliitoa lenzi, nikaenda Mwankoko peke yangu. Alizeti zimevunwa, shamba ni tupu, ardhi inaunguza kama lile jiwe. Nililala chali. Ndege ilipopita nilipiga, na picha zote zikatoka zinatetemeka. Nilijaribu kufikiri wewe ungehamia wapi, ungebadilisha nini. Sikujua. Nilikaa pale na hicho kichuma kizito mapajani, nikaona kwamba nilichagua nawe kila kitu na sikujifunza chochote. Nilizifuta zote.

Mama ndiye amenifikisha kwenye kuandika hivi. Kila asubuhi akimaliza kuswali anakuja kufuta vumbi kwenye picha ile kwa pindo la khanga yake. Chumba cha kuchapia haingii kabisa, lakini pale anasimama. "Angalau alikuona ukienda," anasema. "Wewe hukumkuta, lakini yeye alikuona." Ndicho kinachomshikilia. Na Jumamosi iliyopita amenipa kalamu, kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri, akaniambia niandike chini ya picha: Zuhura akipita Singida.

Kalamu ipo hapa mezani. Nimeshindwa siku nne.

Nikiandika, nitakuwa nimekudanganya mara ya tatu. Nikikataa, itabidi nimweleze, na nitamnyang'anya kitu pekee alichobakiwa nacho. Nimeomba uje hata ndotoni uniambie nifanye nini. Hujaja. Sikulaumu. Mimi pia nilikuwa na nafasi ya kukuambia, sikuitumia.

Ijumaa, tukitoka kukusomea kaburini, nitaketi na Mama na nitamwambia yote, tangu uwanja wa ndege mpaka kile kitenge chekundu. Sijui atanijibu nini. Nitakaa palepale mpaka atakapotaka niondoke. Kisha nitaandika chini ya picha ndege ilikotoka, ilikokwenda, siku na saa uliyoipiga, na jina lako. Langu sitaliweka. Hii ni ahadi, Baba, na safari hii sitaingoja likizo.

Mungu akupe mahali pa baridi pa kupumzikia. Nisamehe, kama huko kuna kusamehe. Kwaheri.

Mwanao,
Zuhura