Pinki ya Mbegu

Jumatatu, 10 Machi

Nimechora kadi nne kabla ya chai. Mawimbi, magamba ya samaki, vidoti, na ile yangu mpya nimeipa jina Barabara ya Molo kwa sababu inapinda mpaka macho yanachoka. Zote kwa kalamu nyeusi. Zote kali. Sijisifu, naandika ukweli.

Moyo umetulia leo. Tangu breki za lori zilipokataa pale mteremko wa Sachangwan, mimi turniboi, msaidizi wa dereva, nikiwa juu ya magunia ya viazi, moyo huanza mbio wenyewe bila kuniuliza. Hakuna aliyekufa. Dereva alirudi barabarani. Mimi nilirudi Rongai kwa mathe, mama yangu. Madam Ruth wa zahanati ndiye alinipa kalamu na vikadi. Akasema chora mstari, rudia, pumua. Ukikosea endelea, hakuna kufuta. Nilimcheka. Siku hizi simcheki.

Mathe ameenda Kuresoi, dada yake amefanyiwa operesheni. Ameniachia kuku, ng'ombe, na mfuko wa mbegu ya mahindi. Aliuza kondoo dume ndio akainunua. Akasema mvua ikishika vizuri, panda. Isiposhika, usiguse. Alirudia mpaka nikaudhika. Mimi ni mtoto?

Alhamisi, 13 Machi

Siku ya kikundi cha kuchora cha Madam Ruth, kwa ukumbi wa kanisa. Leo Madam ametuletea rangi. Unalowesha karatasi kwanza, unadondosha rangi, inakimbia yenyewe kama imeona polisi. Ukinyunyiza chumvi juu ikiwa bado mbichi, rangi inaikimbia chumvi, inaacha nyota. Nyota! Ikikauka ndio unachora juu na kalamu. Nilikaa mdomo wazi. Mimi, mdomo wazi.

Wiki ijayo kila mtu alete rangi aliyotengeneza kwao. Mercy wa saluni tayari anaringa na bizari yake.

“Profesa, wewe unajua nyeusi tu,” akaniambia mbele ya watu. “Rangi itakutoa kamasi.”

Niliacha shule Form Two lakini kushindwa sikufundishwa. Ataona.

Ijumaa, 14 Machi

Majani chai: rangi ya matope. Sukuma wiki: rangi ya kamasi, Mercy alikuwa karibu kusema kweli. Makaa: nyeusi tena.

Halafu nikaona mfuko wa mbegu. Pinki! Ile pinki ya dukani inayong'aa, hakuna kitu Rongai nzima kina rangi hiyo. Kiganja kimoja kwa maji ya moto kikatoa rangi hafifu. Mtu wa kawaida angeachia hapo. Mimi nikamwaga mfuko wote kwa beseni. Nikaacha mpaka jioni.

Pinki ya ajabu. Nimechora na unyoya wa kuku, ncha nikiinyoosha na ulimi. Chumvi ikatoa nyota kubwa kubwa. Juu yake magamba, juu ya magamba Barabara ya Molo. Hii ndio kazi bora imewahi kutoka mikononi mwangu. Nimeibandika ukutani, juu ya kiti cha mathe.

Mbegu nimezianika juu ya gunia. Nyeupe, kama meno ya bandia. Zitakauka. Mahindi ni mahindi.

Jumamosi, 15 Machi

Nilipiga picha na simu, nikampelekea Mercy saluni. Alikuwa anasuka mama mmoja. Aliangalia muda mrefu bila kucheka. Nikajua nimeshinda.

“Umetoa wapi hii pinki?”

Nikamwambia. Kitana kikamwanguka.

“Wewe! Hiyo ni dawa ya wadudu. Ndio maana wanaipaka rangi, mtu asikule! Na umeosha yote?”

Nikasema yote. Nikasema pia habari ya ulimi, sijui kwa nini.

“Basi utakufa umependeza, pinki mpaka tumboni,” akasema. Mama wa kusukwa alicheka mpaka nywele zikamtoka Mercy mkononi.

Nilienda zahanati mbio. Daktari akaniangalia mdomo, macho, akaniuliza maswali. Nitaishi. Ameniita jina ambalo siandiki hapa. Beseni nimelizika mbali na kuku.

Ulimi nimeangalia kwa kioo tangu nirudi. Ni ule ule. Moyo ndio umeanza.

Jumatatu, 17 Machi

Mbegu zimefura. Zingine zimetoa pua, zinaanza kuota. Mercy alisema ikifika hapo haingoji mtu, inaenda ardhini au inaoza. Babake ni mkulima, anajua.

Mathe alisema bila mvua usiguse. Nimegusa.

Nimepanda kwa vumbi. Shimo, mbegu mbili, funika. Shimo, mbegu mbili, funika. Kila nikiinua jembe vumbi linanipiga usoni. Mgongo umekufa. Anga safi kama sahani iliyolambwa.

Naogopa. Nimeandika.

Alhamisi, 20 Machi

Nilienda kikundi bila rangi. Nikasema nimesahau. Mercy alijua, akanisukumia bizari yake nitumie. Hiyo ilikuwa mbaya kuliko matusi.

Madam alituonyesha kuweka kivuli: unasugua penseli kando ya mstari, halafu unapaka na kidole mpaka mchoro unainuka kwenye karatasi. Wengine walifurahi. Mistari yangu ilitetemeka kama ya mzee. Nilipumua vile alitufundisha. Nikipumua naona mbegu.

Jumapili, 23 Machi

Wingu kubwa jeusi, ngurumo, nikatoka nje na shati la kanisani. Likageuka likaenda Molo. Nililitusi.

Mathe amepiga simu. Amesikia kwa redio mvua inakaribia.

“Mbegu iko salama?”

“Iko salama, mathe.”

“Umeiweka mahali panya hawafiki?”

“Hawawezi kufika.”

Si uongo. Iko chini ya udongo. Nilitoka nikaenda shambani, nikashika udongo. Bado vumbi.

Jumatano, 26 Machi

MVUA. Mchana kutwa. Nilisimama ndani yake kama mwendawazimu. Ng'ombe aliniangalia.

Jumanne, 1 Aprili

Zimeota! Si zote. Lakini mistari inaonekana, kijani, imenyooka. Nani mwingine angepanda mbegu uchi kwa vumbi ikaota? Nimempigia Mercy. Akasema nisipige kelele bado.

Alhamisi, 3 Aprili

Mercy na mdomo wake.

Kuna mdudu wa udongoni. Anakata shina asubuhi na mapema, safi kama makasi, halafu anarudi kulala chini. Mche unabaki umelala na majani bado mabichi. Mbegu za jirani zilikuwa na dawa, zimesimama zote. Zangu zina mapengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza. Kila asubuhi mapengo mapya.

Mathe anarudi kesho kutwa. Sikwenda kikundi. Sijala.

Jumamosi, 5 Aprili

Amerudi na mfuko wa maharagwe kutoka kwa dada yake. Hakuingia hata nyumbani. Alienda moja kwa moja shambani na viatu vya safari. Akachuchumaa kwenye pengo, akachimba na kidole, akatoa mbegu iliyoliwa, ganda tupu. Akaipangusa kwa leso. Akaigeuza.

“Mbegu yangu ilikuwa na rangi,” akasema. “Rangi iko wapi?”

Nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari. Nzuri zote. Hakuna hata moja iliyotoka. Nilimpeleka ndani nikamwonyesha ukutani, juu ya kiti chake.

Alisimama hapo na kile kiganda mkononi. Nilingoja mwiko, kiatu, chochote.

“Ni hii?”

“Ni hii.”

“Yaani kondoo wangu ndiye huyu.”

Akasogea karibu, akafuata Barabara ya Molo kwa macho kuanzia chini mpaka juu. Halafu akasema kesho kabla ya kanisa niwe shambani, na mkebe.

Jumapili, 6 Aprili

Jua halijatoka. Mathe mstari mmoja, mimi mstari wa pili. Unafukua udongo kando ya shina na kidole, pole pole, unamkuta amejikunja, unamtia mkebeni. Mche unaofuata. Kwenye pengo unaweka maharagwe. Unaofuata. Ukienda haraka unamruka.

Karibu na mwisho alisema mistari yangu imenyooka, kisha akaniambia niache kutabasamu, bado nina deni la kondoo.

Umande. Ndege. Mahali fulani katikati ya shamba niligundua sijausikia moyo tangu tuanze.

Picha bado iko ukutani. Hajaitoa.

Leo sijachora.