Dereva Haketi Kwenye Mstari wa Kati

Chumba cha nyuma, Nyumba Na. 14,
Mtaa wa Karakana ya Zamani.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mwanangu,

Hujambo huko uliko? Mume wako hajambo? Na yule mjukuu wako, kitukuu wangu mwenye mwanya, meno mapya yameshaota, au bado akisema neno linatoka kama filimbi? Barua yako ya mwisho ilisema baridi imekukamata kifua. Natumaini umepona. Vaa sweta hata ukiwa ndani ya nyumba, hakuna anayekutazama.

Nikisema mimi sijambo nitakuwa nakudanganya, na barua hii nimeianza ili niache kukudanganya. Moyo umechoka kazi. Muuguzi anayekuja Jumanne na Ijumaa hunipima presha, hukunja uso, kisha husema, "Mzee, bado upo." Namjibu, "Nipo nipo tu, mama." Tunacheka. Akishafunga mlango, nyumba inanyamaza hadi siku yake nyingine.

Unazikumbuka treni zangu? Tangu mke wangu, mama yako mdogo, afariki, meza ya treni imehamia chumbani, mahali kilipokuwa kitanda chake. Mabehewa sasa ni thelathini na moja. Kipimo ni kile kile: kila kitu nakigawanya kwa arobaini na tatu, na reli mbili zinaachana milimita ishirini na tatu. Behewa la mwisho limenichukua miezi minne kwa sababu ya kutetemeka vidole. Kila kichwa cha ribiti, ile misumari ya kushikiza mabati, nakitokeza kwa kugonga ncha ya bikari upande wa nyuma wa bati, na nikikosea kimoja, ubavu mzima unatupwa. Kutu ni rangi ya kahawia niliyochanganya na unga wa chaki. Makaa ni makaa ya kweli, niliyaponda kwa nyundo ndani ya soksi.

Watu hudhani kazi hii inamwondolea mtu upweke. Mimi naona inauongeza. Treni nzima inazunguka, taa ya nyuma inawaka vizuri, na hakuna wa kumwambia, "Hebu tazama ile."

Sasa nifike kwenye jambo lililonishikisha kalamu.

Baba yako aliendesha injini ambayo madereva waliiita Mama Mkwe, maana hakuna aliyethubutu kuipandishia sauti. Ulikuwa na miaka minane siku alipopita ishara ya kusimama kwenye kona ya tangi la maji, akagonga mabehewa yaliyoegeshwa mbele. Mlinzi wa treni alipoteza mguu. Baba yako alifukuzwa, akawa bawabu wa shule. Na kwa kuwa kwenye uchunguzi kila swali alilijibu kwa neno moja, "Sikuiona," mtaa mzima ukampa jina: Bwana Sikuiona. Najua ulipigana na watoto wenzako kwa ajili ya jina hilo. Najua pia kwamba ulipokua uliacha kupigana.

Hukuwahi kuambiwa kwamba mchoro uliomhukumu niliuchora mimi.

Nilikuwa mchoraji kijana katika karakana ya reli, shati jeupe, penseli tatu mfukoni. Ishara ile ilikuwa imehamishwa kutoka kulia mwa reli kwenda kushoto wiki mbili kabla ya ajali. Reli pale inapinda kushoto, na wachunguzi walitaka kujua kama dereva angeweza kuiona akiwa kwenye kona. Nilichukua ramani, nikapima ukuta wa bohari uliokuwa kando ya njia, nikavuta mstari. Mwenyekiti akauliza, "Mchoraji, inaonekana au haionekani?"

Nilisimama mbele ya kaka yangu nikasema, "Inaonekana, mzee. Kuanzia mita mia moja na arobaini."

Undugu wetu ulilipa neno langu uzito. Nani angemkandamiza kaka yake wa tumbo moja?

Jioni ile baba yako alikuja chumbani kwangu. Hakuwa na hasira. Alikaa kwenye ncha ya kitanda akizungusha kofia yake vidoleni.

"Wewe ni msomi," alisema. "Kalamu yako haina sababu ya kunisingizia. Kama mchoro unasema inaonekana, basi nilisinzia."

"Kaka, labda..."

"Labda nini? Nilisinzia. Yamekwisha."

Mtu aliyeendesha Mama Mkwe miaka tisa kwa kusimama nusu ya safari, eti alisinzia saa nne asubuhi! Lakini aliliamini hilo kwa sababu lilitoka kwangu. Ndiye aliyenibeba mabegani kunipeleka shule siku ya kwanza, na tangu siku ile hakuwahi kubishana na kitu nilichokiandika.

Miaka arobaini ikapita. Mama yako mdogo alipofariki, nilihitaji kazi ya kushika mikono, nikaanza kuijenga Mama Mkwe. Boila nililikunja kutoka bati la shaba. Ngazi, vishikio, mabomba ya mvuke, hata bamba la namba nililikata kwa msumeno mwembamba kama uzi. Mwisho nilimchonga dereva wa mti, urefu wa sentimita nne, kofia ikiwa imesukumwa nyuma kama alivyopenda kuivaa. Nikamweka upande wa kulia, kwa maana kiti cha dereva katika injini zile kilikuwa kulia.

Kisha nikatamani kumwona kwenye ile kona. Mita mia moja na hamsini za mwisho, kwa kipimo changu, ni kama mita tatu na nusu. Nilitandika reli juu ya meza, halafu juu ya ubao uliotoka mlangoni hadi koridoni. Nikasimamisha ishara kushoto, mahali pake. Nikalitenga behewa la makaa, nikamtoa dereva, nikalaza shavu kwenye ubao na kutazama kwa jicho moja kutoka pale alipokuwa ameketi.

Niliona boila. Boila tupu, jeusi, limeziba upande wote wa kushoto.

Nikaisukuma injini kwa kidole, kidogo kidogo, nikiifuata kwa shavu kama paka. Ishara haikutokea. Ilikuja kuonekana kwenye dirisha la kushoto, upande wa mchochea moto, wakati injini ilikuwa tayari inaipita. Na mchochea moto, kama alivyokiri mwenyewe kwenye uchunguzi, dakika ile alikuwa ameinama na koleo la makaa.

Nakala ya mchoro wangu nilikuwa nayo. Kosa lilinichukua muda mfupi kulipata. Sisi wachoraji hupima kila kitu kuanzia mstari wa kati. Ndivyo tulivyofundishwa, na mkono hufanya hivyo bila kuuliza. Nililiweka jicho la kaka yangu katikati ya injini, kana kwamba boila ni la kioo. Nilihesabu ukuta wa bohari, nikasahau chuma kilichokuwa mbele ya pua yake. Mtoto yeyote aliyewahi kuipungia treni mkono anajua kwamba dereva haketi kwenye mstari wa kati.

Kosa la mkono husameheka. Nisikilize sasa lile la moyo.

Baba yako alikuwa bado hai. Niliifunga injini kwa taulo, nikaitia katika boksi la viatu, nikaenda kwake. Alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya mlango wake, anaota jua.

"Msomi! Umeniletea nini?"

"Viatu tu, kaka. Nampelekea fundi."

"Viatu gani vinakupindisha bega hivyo? Au siku hizi unavaa matofali?"

Tulicheka mpaka akakohoa. Kisha, bila mimi kumuuliza, akasema, "Unajua, mdogo wangu, siku hizi sina uchungu tena. Ule usingizi nilishajisamehe."

Mkono wangu ulikuwa juu ya kifuniko cha boksi. Nilijiambia kwamba mtu ameshapata amani yake, ya nini kumfukulia kaburi? Ukweli ni kwamba niliyaogopa macho yake. Nilirudi nyumbani na boksi langu. Aliishi miaka mitatu zaidi, na kila mara nilipomtembelea nilienda mikono mitupu.

Siku ya mazishi ulinivuta pembeni, karibu na lile bomba la maji, ukaniuliza, "Baba mdogo, kweli alisinzia?" Nilikujibu, "Ndivyo alivyosema mwenyewe." Kila neno la jibu lile lilikuwa la kweli, na lote kwa pamoja lilikuwa uongo. Uliondoka kesho yake. Hii ni miaka minane sasa, na sijawahi kukulaumu kwa kutorudi.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nimependa kujiumbua mwenyewe kabla hakijafika.

Nimechora upya ile kona, jicho likiwa mahali pake. Mistari imetetemeka lakini vipimo ni sahihi. Nimetia sahihi yangu na kuupeleka mchoro ofisi ya reli pamoja na maelezo, nikiomba uwekwe kwenye jalada la ajali. Hawajajibu. Huenda atakayeifungua bahasha alikuwa hajazaliwa siku ya ajali.

Injini inakuja kwako pamoja na barua hii. Muuguzi ameahidi kuipeleka posta. Usiishike kwa bomba la moshi, lehemu yake ni dhaifu. Iweke mezani, simamisha kijiti mbele yake upande wa kushoto, ulaze shavu utazame. Usiniamini mimi, nimeshaaminiwa vya kutosha katika ukoo huu.

Sikudai msamaha. Nakuomba kimoja tu: kitukuu akiuliza babu wa bibi... la, nimechanganyikiwa, akiuliza baba yako alikuwa nani, mwambie alikuwa dereva, na alisema kweli. Alisema "Sikuiona" kwa kuwa haikuonekana.

Tangu siku ile niliyorudi na boksi, nilimtoa dereva kitini nikamfungia kwenye kiberiti kitupu. Miaka kumi na moja Mama Mkwe imezunguka chumba hiki bila mtu ndani. Leo asubuhi nimemrudisha, upande wa kulia. Sikumtia gundi, ili uweze kumwinua kidogo na kuweka jicho lako pale lilipokuwa lake.

Nisalimie mume wako, umwambie nashukuru kwa zile picha. Mbusu kitukuu kwenye mwanya wake. Muuguzi naye anakusalimu, ingawa hakujui. Anasema sauti yangu hubadilika nikikutaja. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe usingizi ambao baba yako alisingiziwa.

Wako akupendaye, aliyechelewa,

Baba yako mdogo