Gia Nne za Kurudi Nyuma

Jumatano, 11 Juni 2025

Leo nimechomelea injini! Mimi mwenyewe, Nasiri wa Biryogo hapa Kigali, niliyekula ugali Dar, matoke Kampala na vumbi la volkano Goma. Darasa zima la ufundi ni watoto, mwenye ndevu ni mimi tu. Kigari chetu nimekiita Waziri – waziri haendi kwa miguu.

Kaze, mwenzangu wa mradi, naye haendi kwa miguu, ndiyo maana tunakijenga. Miguu yake haijawahi kumbeba. Kila asubuhi nambeba mimi mgongoni, toka njiapanda ya Sonatubes hadi shuleni juu, ananimwagia hesabu sikioni kama redio. Lakini mimi namaliza shule mwezi ujao. Yeye bado mwaka mzima.

Mwalimu Bayingana kasema: Waziri akipanda mlima wa shule Jumatatu, anabaki wa Kaze. Akishindwa, injini inarudi stoo.

Kwenye mchoro wa Kaze, bomba la moshi lilimtazama mgongoni. Nikaigeuza injini, moshi uende nyuma. Akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia, sha, mdogo wangu, nilifungua pikipiki Kampala wewe hujaota meno!

Ijumaa, 13 Juni

Ee Mungu.

Tumewasha. Gia ya kwanza – kikarudi nyuma. Ya pili – nyuma, mbio zaidi. Ya tatu – kwenye maua ya mkuu wa shule. Gia nne, zote za kurudi nyuma! Darasa lilicheka hadi mmoja akalala chini.

Kaze hakucheka. Akautazama mnyororo, akanitazama mimi. Ukigeuza injini, na gurudumu linazunguka kinyume, akasema taratibu. Basi. Heri angenitukana.

Waziri kabaki nje, karakana imefungwa hadi Jumatatu, mwenye funguo yuko harusini Huye. Hakuna kukata chuma, hakuna kuchomelea.

Chai imepoa mbele yangu. Nani atambeba mwakani?

Jumamosi, 14 Juni

Nimepata! Kama gari linajua nyuma tu – geuza kiti! Kiti na usukani vimefungwa kwa nati. Kaze akachora mchangani. Inawezekana, akasema, ila magurudumu ya kukata kona yatakuwa nyuma. Nikamwambia hata mamba anakata kona kwa mkia. Akacheka kidogo. Alhamdulillahi.

Jumapili, 15 Juni

Leo Car Free Day. Nikapiga akili: barabara imefungwa kwa magari, nani atatugonga? Tukamsukuma Waziri hadi lami. Hata kuwasha bado – askari.

"Hii iko nini?"

Mradi wa shule, afande.

"Iko na injini?"

Iko, kadogo tu.

"Basi iko gari. Rudisha."

Kigali nzima leo gari ni sisi peke yetu! Wanene wa Nyarutarama, mtaa wa matajiri, wanaokimbia na mbwa wakatupiga picha.

Tukajaribu uwanjani shuleni, kwenye tambarare. Kinakwenda! Mbele! Lakini ukigusa usukani kidogo, mkia unaruka kama mbuzi aliyekata kamba. Mlima wetu una kona mbili, ya pili ina mtaro. Kaze anasema gia ya kwanza tu, mikono isitetemeke.

Jumatatu, 16 Juni

Nilipanga nipande mimi.

Mwalimu Bayingana akamzunguka Waziri mara mbili. "Please, mbele ni wapi?" Kaze akaonyesha. Mwalimu akasema basi apande mwenye gari.

Nikaruka: Mwalimu, mimi mzito, nikipanda mimi mtihani unakuwa mgumu zaidi! Nikatania, nikaapa. Hakuna aliyecheka. Nikasema kweli yote: injini niligeuza mimi, Kaze asivunjike kwa ajili ya mdomo wangu. Mwalimu akamgeukia Kaze, aamue mwenyewe.

Kaze alikuwa bado mgongoni kwangu. Akanisemea sikioni: "Mzee, niweke kwenye kiti. Mwakani utakuwa wapi?"

Nikamshusha mgongoni.

Nimemweka. Nimefunga mkanda, nikaukagua, nikaukagua tena. Nilitaka kukimbia nyuma yake nishike mkia. Mwalimu kanikalisha kwenye jiwe, eti nisimsumbue. Basi naandika, nisipige kelele.

Amewasha. Anapanda. Kona ya kwanza – mkia umeruka – amerudi katikati! Shati langu mgongoni bado lina jasho lake.

Sasa simwoni. Nasikia injini tu. Gia ya kwanza. Bado ya kwanza. Kona ya mtaro hiyo. Gia ya kwanza, Kaze, tulikubaliana gia ya kw– anabadili! Kaze anabadili gia – mlio umepita mtaro, unapanda!