Kompyuta ya Mume Wangu Imenishinda, na Shemeji Anataka Kuifuta

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie maana nimechoka, mimi ni mke wa fundi kompyuta, tuna kiduka cha kuchapa na kutoa kopi hapahapa nyumbani, chumba cha mbele, sasa mume wangu kapatwa na kiharusi, upande wa kulia umelala na maneno hayatoki, kazi yote imeniangukia mimi na kompyuta yenyewe ni ya Linux, si Windows ya watu wote, aliiweka mwenyewe kwa mapenzi yake, na miaka yote nikiisogelea alikuwa ananiambia, "Mama, usiguse, utaniharibia," basi sikugusa, leo nikihifadhi faili sijui linakwenda wapi, juzi mwalimu kaleta mtihani kwenye flashi, kuufungua tu mistari ikaruka na maswali yakapandana, akachomoa flashi yake akasema, "Pole, dada, ngoja nijaribu kwingine," na mume wangu yuko chumba cha nyuma anasikia kila kitu.

Mdogo wake ananiambia, "Shemeji, tuifute hii, tuweke ile wanayotumia watu wote," nami nikakubali, lakini nilipomweleza mume wangu aligeukia ukutani akalia, machozi bila sauti, na tangu hapo hataki nimlishe, anamsubiri mama yake, sasa nimridhishe mgonjwa duka life, au niifute kazi yake yote angali hai?

Mke wa Fundi

Mke wa Fundi, pole sana, kuuguza huku unahudumia wateja si mchezo. Lakini umenikera. Mtu mzima unaambiwa usiguse, nawe unakaa hivyohivyo miaka yote! Na yeye alikosea kukuweka mbali. Basi, hayo yamepita.

Mwambie shemeji yako asubiri. Kwanza nakili mafaili yote ya mumeo kwenye diski ya pembeni. Kisha jifunze yale yanayoleta wateja tu: kuandika, kuhifadhi, kuchapa. Programu ya kuandikia imo humo. Unapohifadhi, usibofye kwa pupa. Soma jina la folda, uchague mwenyewe. Mistari ikiruka, mara nyingi ni kwa sababu aina ya herufi aliyotumia mteja haimo kwenye mashine yako. Mwombe akuletee PDF, hiyo hairuki.

Halafu hamishia kompyuta chumba alicholala. Mkono wa kushoto anao. Ukikwama muulize, "Hapa?" akuoneshe. Sitakudanganya, huenda asiongee tena. Zipo siku ataonesha kusiko, atakasirika, nawe utalia. Lia, ukimaliza hudumia wateja. Mkijaribu kwa moyo ikashindikana, ifuteni, ila kwanza aitikie kwa kichwa chake mwenyewe, wala si kwa kusikia tu mnavyonong'ona ng'ambo ya ukuta.

Leo hii weka gazeti chini, nenda ukakae kando yake umwambie, "Baba, hata kuizima vizuri sijui. Nifundishe." Kisha nyamaza, umsubiri ageuke.