Wimbo wa Ufunguo wa Bomba

Jumatatu, 3 Juni
Mazoezi tena. Ngoma kubwa imepasuka ngozi, mpiga ngoma wetu Baba Kabula kaishona. Sauti yangu ya chura. Sare thelathini na mbili tayari, bado nane.

Mashindano na wapinzani wetu, kundi la Bagalu, ni tarehe kumi na tano, uwanja wa shule. Makundi mawili, uwanja mmoja, wakati mmoja. Atakayevuta watu wengi ndiye mshindi. Mwaka jana walitushinda, na Masalu, manju wao, mtunzi na mwongoza nyimbo, akanipungia mkono kwa dharau. Ni mkubwa kwangu, lakini tangu siku ile sijampa shikamoo. Na sitampa.

Wimbo wangu mpya umekamilika. Nimeutungia kwenye foleni ya bomba, maana siku hizi ndiko ninakoishi. Bomba ni la kijiji, ufunguo anao Mtendaji. Hufungua akiamka, na huamka akishiba usingizi.

Ufunguo umelala, ndoo zimekesha.
Mwenye ufunguo, godoro lako limetiwa nini?
Amka bwana, hata jogoo amechoka kukuita.

Wachezaji walicheka hadi wakakaa chini.

Jumatano, 5 Juni
Watoto wanauimba bombani. Najifanya sijui ni wa nani. Raha tupu.

Ijumaa, 7 Juni
Nilikwenda kuomba kibali cha ngoma. Mtendaji akataka nyimbo zetu zote kwa maandishi. Haijawahi kutokea. Nikaandika, tena kwa mwandiko mzuri, mjinga mimi. Karatasi imerudi na kalamu nyekundu. Mistari mitatu imekatwa, ile ile. Tukiiimba, ngoma inasimamishwa pale pale uwanjani.

Masalu alikuwa kwenye benchi akisubiri kibali chake. Aliiona karatasi yangu, akacheka. Yeye hakuombwa hata jina la wimbo.

Nina hasira. Nimemkaripia mbuzi asiye na kosa.

Jumatatu, 10 Juni
Nilifuata vitambaa mjini, nikapita Igogo kwa Neema, binti wa dada yangu, msaidizi wa kisheria. Akanisomea Katiba, pale penye uhuru wa kutoa maoni. Akasema tena kuna mkataba wa mataifa kuhusu haki za kiraia na kisiasa, nchi yetu imeridhia, na sanaa imetajwa humo. Nikamuuliza kama kumtania mtendaji mwenye usingizi nako kumo.

"Mama mdogo, humo hasa."

Tumeandika barua wilayani. Majibu huchukua wiki kadhaa. Ngoma ni Jumamosi. Nimerudi nyumbani nikijua nina haki na sina pa kuiimbia. Inaudhi kuliko kutojua.

Alhamisi, 13 Juni
Kikao kirefu. Vijana wanataka tuimbe yote, liwalo na liwe. Baba Kabula anaogopa. Watu arobaini wamefanya mazoezi tangu mavuno, siwezi kuwaharibia siku yao. Nimeamua: tukifika kwenye mistari ile tunafunga midomo, ngoma zinaendelea. Itaonekana tumesahau wimbo wetu wenyewe.

Nimelia kidogo jikoni. Nimesingizia moshi.

Jumamosi, 15 Juni
Naandika huku nacheka.

Watu kama kumbikumbi. Tulianza vizuri, karibu wote wakawa upande wetu. Mtendaji kiti cha mbele, karatasi mapajani. Tukafika kwenye mistari ile. Tukafunga midomo. Ngoma tupu. Watu wakatazamana. Niliona aibu.

Mara upande wa pili, sauti ya Masalu. Ile sauti yake mbaya ya puani. Ufunguo umelala! Mistari yangu! Yote mitatu, Bagalu wote wanaipokea. Kibali chake hakikukatwa hata neno moja.

Watu wakatimka kwenda kwake. Kina mama, watoto, hata wachezaji wangu wawili. Upande wetu tukabaki na mbwa na mama mkwe wangu. Mtendaji aliigeuza karatasi mbele na nyuma. Mkewe alikuwa anaimba kuliko wote.

Nimeshindwa. Nimeshindwa na wimbo wangu mwenyewe, na sijui kama nimewahi kufurahi hivi.

Nilimfuata Masalu nimuulize kwa nini. Akafuta jasho.

"Leo wamekata wako, mwakani watakata wangu. Halafu mke wangu naye anapanga foleni."

Akaongeza kwamba kibwagizo changu kilikuwa kimelegea, ameshakikaza. Ana kiburi yule mzee.

Jumanne, 18 Juni
Mkutano wa kijiji. Kila aliyesimama kusema alianza na jogoo. Ufunguo sasa uko kwa kamati ya kina mama. Mtendaji mwishowe alicheka, akasema hakujua usingizi wake una mashabiki wengi hivyo. Nikampigia makofi, ya kweli kabisa.

Jumapili, 23 Juni
Bomba limefunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Foleni fupi. Barua ya wilayani haijajibiwa. Neema anasema tuifuatilie, kalamu nyekundu bado iko mezani. Kesho nitakwenda kuiulizia.

Masalu alikuja na ndoo mbili, akasimama nyuma yangu. Nikageuka, nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, kama vile nilimwamkia na jana.

Nikampisha mbele. Tukasubiri ndoo zake zijae.